Bei ya Hodi

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila jina lake hatulitaji kwa sababu lilipelekwa kupimwa bei na bado halijarudishwa. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, na ina serikali isiyolala ikitafuta cha kuuza. Iliuza shaba, ikaisha. Ikauza mchanga wa mito. Ikauza mlima, mnunuzi akaja akauondoa, na pale mlima ulipokuwa serikali ikauza mandhari. Mwishowe Mheshimiwa Baba wa Bei, ambaye ndiye rais wa nchi hiyo, akawaita mawaziri wake akawauliza, "Jamani, tumebakiwa na nini?"

Mawaziri wakatazama viatu vyao. Mmoja, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu ateuliwe, akasema, "Tumebakiwa na maneno, Mheshimiwa."

Wenzake wakadhani anafanya kejeli, wakasogeza viti mbali naye. Jioni ile ile akapandishwa cheo.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Uthamini wa Maneno. Msomaji asishangae, maana jambo lenyewe lina akili ndani yake. Huko kwenye mtandao kila ukurasa una anwani. Anwani nyingi ni ndefu, zina namba na mikia, kama mtu anayekuelekeza kwake akikwambia pita kwa fundi baiskeli, ukifika kwenye bomba bovu uliza. Lakini anwani ya neno moja tupu, neno ambalo kila mtu analo kinywani, hiyo ni sawa na kiwanja kilichotazamana na soko. Matajiri wa dunia huvinunua viwanja hivyo, hawajengi hata choo, huvikalia mpaka bei ipande, kisha huwauzia matajiri wenzao. Idara ikapewa kazi ya kupita nchi nzima ikiuliza nani amekalia neno.

Ikamkuta Sikudhani.

*

Sikudhani alikuwa mwanamke bado kijana, akikaa chumba cha mwisho katika nyumba ya ukumbi mrefu. Kazi yake ilikuwa kuchagua mchele wa hoteli. Asubuhi mchukuzi analitua gunia kizingitini, alasiri analifuata, na kati ya gunia kuja na gunia kwenda hapakuwa na mtu mwenye haja ya kumwambia kitu. Si kwamba watu walimchukia. Alikuwa na haya. Akisalimiwa njiani, jibu lilimtoka wakati aliyemsalimu keshapinda kona.

Alikuwa na mdogo wake, Pandu, fundi wa kompyuta, aliyekuwa akimtazama dada yake na kumwonea huruma bila kumwambia. Siku moja akaja na simu mkononi.

"Dada, nimegundua. Wewe huogopi watu, unaogopa macho yao. Nimekutengenezea mlango usio na macho."

Alikuwa amemsajilia anwani ya neno moja, Hodi, wakati bado hakuna aliyefikiri kwamba neno hilo linaweza kumilikiwa. Ukurasa wenyewe ulikuwa mweupe, na chini yake nafasi ya kuandika. Mtu yeyote, popote alipo, akifika anaandika hodi, na Sikudhani anamjibu karibu. Basi. Hapakuwa na matangazo wala picha. Pandu aliilipia anwani ile miaka kumi. Yeye mwenyewe hakupata hata mmoja, homa ilimchukua masika yaliyofuata.

Tangu hapo wageni wa Sikudhani walikuwa wa mlango huo. Mlinzi wa ghala la saruji aliyekuwa akisinzia na kutaka mtu wa kumwamsha. Mama aliyekuwa akinyonyesha huku nyumba nzima imelala. Na kila siku, bila kukosa, mkuu wa stesheni moja ya bara ambapo treni ilikuwa imeacha kusimama, ila hakuna aliyekumbuka kumwambia mzee wa watu aondoke.

"Hodi," aliandika.

"Karibu."

"Nimekaribia. Umeamkaje, mwanangu?"

"Nimeamka salama, shikamoo. Mguu?"

"Marahaba. Mguu upo, haujaenda kokote."

"Na treni?"

"Imepita. Dereva alinipungia mkono, au alikuwa anafukuza nzi, sikuona vizuri."

Sikudhani alicheka peke yake chumbani, mkono umeingia kwenye mchele mpaka kifundoni. Kicheko hicho ndicho kilimtosha mpaka kesho yake.

*

"Hodi," ilisema sauti nene mlangoni. "Hodi. Hodi."

"Karibuni," akajibu Sikudhani, maana kwao mtu akipiga hodi hujibiwa kwanza, njaa ataelezwa akishakaa.

Akaingia Daktari Mwinjaka Fumbwe, Mthamini Mkuu, mtu mnene mwenye miwani ya mnyororo, na nyuma yake wasaidizi wawili, mmoja amebeba futi ya fundi cherehani na mwingine amebeba kiti cha Daktari.

"Wewe ndiye mwenye Hodi?"

"Ndiyo, mzee."

"Niite Daktari. Unajua umekalia nini?"

Sikudhani akainuka kidogo akatazama. "Kigoda, Daktari."

"Hajui," Daktari akamwambia msaidizi. "Andika kwamba hajui. Umiliki wa mtu asiyejua ni rahisi kuhamishika."

Uthamini ukaanza papo hapo. Neno likapimwa kwa futi, likiwa limeandikwa kwenye kadi, likaonekana fupi. "Neno fupi ni ghali kuliko refu," akafafanua Daktari, "kama vile ini lilivyo ghali kuliko utumbo." Kisha msaidizi wa kwanza akavua meno yake ya bandia na kulitamka. Likatamkika. "Linafaa kwa soko la wazee na soko la watoto wachanga. Endelea. Je, lina maadui? Halina. Mlevi analisema, shehe analisema, padri analisema, mdai wako analisema. Na je, mfano wa mauzo? Mwaka jana jirani zetu waliuza neno Bamia kwa bei ya zahanati mbili, na bamia kuna watu hawaigusi. Nani haigusi hodi?"

Hapo ni vizuri kueleza kwamba katika nchi hiyo bei za vitu vikubwa hazitajwi kwa fedha, kwa kuwa fedha hazionekani. Zinatajwa kwa vile ambavyo serikali ilikusudia kujenga.

"Kwa siku wanaingia watu wangapi?" Daktari akamgeukia Sikudhani.

"Wawili. Watatu."

"Ni watu wa namna gani? Wawekezaji?"

"Mmoja mguu unamsumbua."

"Andika wateja wa kudumu." Daktari akafunga miwani. "Makadirio ya awali ni daraja moja. Hongera, binti. Kuanzia sasa neno hili liko chini ya uthamini, na halitasemwa na mtu yeyote mpaka liuzwe."

Sikudhani hakuelewa. Akakusanya ujasiri wake wote, ambao haukuwa mwingi. "Lisisemwe kwa nini?"

"Nguo ikishavaliwa inaitwaje?"

"Mtumba."

"Na neno linalovaliwa na nchi nzima kutwa kucha?" Akajijibu mwenyewe. "Hatuwezi kuwauzia wageni mtumba. Lazima lipumzike, lipigwe pasi, lirudi upya. Na huo ukurasa wako tunautia lakiri."

"Kuna mzee huja kila siku. Akikuta pamefungwa atadhani sitaki aje."

"Atasoma maandishi, atafurahi."

Wakaondoka na kiti chao. Sikudhani alipofungua simu, ukurasa mweupe ulikuwa umefunikwa na muhuri mwekundu, na chini yake maneno: PAMEFUNGWA KWA HESHIMA YA THAMANI YAKE.

*

Siku ya kwanza watu walichukulia ni mzaha. Siku ya pili wakaanza kutozwa faini.

Sasa, katika nchi ile mtu haingii kwa mwenzake bila hodi, hata awe ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo watu wakawa wanafika mlangoni, wanasimama. Wengine wakajaribu kukohoa, na serikali ikatangaza kwamba kikohozi cha mlangoni ni hodi bandia. Wakajaribu kugonga kwa kidole, ikatangazwa kuwa kidole nacho ni kinywa. Mkunga mmoja alisimama barazani na mkoba wake mpaka mtoto akazaliwa, akalia, akanyamaza. Posa zilikwama njiani, wajomba na mashangazi wakakaa kwenye mikeka nje ya nyumba za wachumba, hawaingii wala hawarudi. Wezi peke yao waliendelea na kazi zao kama kawaida, kwa kuwa neno lile hawakuwahi kulitumia.

Mama mzazi wa Mheshimiwa alifunga safari kutoka kijijini na kapu la viazi. Alifika langoni kwa mwanawe, akasimama nusu siku, akageuza. Redio ikamsifu kwa uzalendo.

Na kwa vile neno lilikuwa halisikiki tena, likawa adimu, na kwa vile likawa adimu, bei ikapanda. Kila jioni redio ilisoma taarifa. Hodi imefunga leo kwa madaraja mawili. Hodi imefunga kwa madaraja mawili na uwanja mdogo wa ndege. Watu walisikiliza vyumbani mwao, kila mmoja kwake, wakajiona wametajirika, ila hapakuwa na wa kumwambia.

Bi Kidawa, jirani wa ukuta mmoja na Sikudhani, ambaye zamani alikuwa akiingia kuomba kijiko cha chumvi na kukaa mpaka chakula kiive, sasa alikuwa akisemea ukutani.

"Mwenye madaraja, hujambo?"

"Sijambo, Bi Kidawa."

"Madaraja yameamkaje?"

"Bi Kidawa, mimi sina daraja."

"Ndivyo matajiri mnavyosema. Ungekuwa maskini ungelia shida." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Ningekuja kukuona, mwanangu, lakini faini yake siiwezi."

Sikudhani alichagua mchele. Ulipokwisha kuwa safi aliuchagua tena. Akiinua kichwa alifungua simu, akautazama ule muhuri mwekundu, akamwona mawazoni mzee wa stesheni upande wa pili naye akiutazama. Mtu mzima hufika kwako mara ya kwanza akakuta pamefungwa, akasema labda wametoka. Mara ya pili akasema labda wamelala. Mara ya tatu huanza kujiuliza alisema nini kibaya.

Akajifunga kanga, akatoka kwenda Idarani. Njia nzima aliyapanga maneno yake, akayapangua, akayapanga.

*

Jengo la Idara lilikuwa na ghorofa nyingi, na waliokuwa ndani siku ya amri walikuwa wangali ndani, kwani wakitoka wasingepata njia ya kurudi. Chakula walipitishiwa dirishani. Daktari Fumbwe, ambaye siku ile alikuwa nje kwa Sikudhani, hakuwa ameiona meza yake tangu wakati huo. Alikuwa akifanya kazi uani, kwenye kiti chake, mwavuli umefungwa kwenye mgongo wa kiti.

"Nimekuja kusema sitaki kuuza," Sikudhani akasema, akitazama mwavuli.

"Hakuna aliyekuuliza kama unataka. Tumekadiria. Kitu kikishakadiriwa kimeshaanza kwenda."

"Atakayenunua atalifanyia nini?"

"Ataliuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye uwezo zaidi yake."

"Na huyo?"

"Ataliuza pia. Ndiyo maana ni mali."

"Na yule wa mwisho, Daktari? Yeye atalifanyia nini?"

Daktari akavua miwani. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo, mekundu, ya mtu asiyelala vizuri. "Binti," akasema kwa upole wa mwalimu, "katika elimu ya uthamini hakuna wa mwisho."

Sikudhani akasema, "Basi nifungulieni siku moja tu, nimuage yule mzee."

"Ukimuaga, umelitumia. Nenda nyumbani. Mnunuzi amekwisha panda ndege."

*

Mnunuzi alikuwa mtu wa mbali, mkavu, amevaa suti ya rangi ya majivu. Alisomewa makadirio yote, marefu, yenye marejeo, na bei, ambayo siku hiyo ilikuwa madaraja matatu, uwanja wa ndege na bandari isiyo na maji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Nataka kuliona likifanya kazi."

"Likifanya kazi?" akauliza Daktari Fumbwe.

"Mtu aseme, mlango ufunguke. Nanunua kitu kinachofungua milango, au siyo?"

Ombi lilikuwa la haki. Daktari Fumbwe akapewa kibali cha kulisema neno kwa muda wa mnada, na mtaa wa Sikudhani ukachaguliwa kwa kuwa ndio chimbuko la mali. Wakaja na magari, na bendi ndogo, na Mnunuzi.

Daktari akasimama mlango wa kwanza wa ukumbi, akasafisha koo. "Hodi."

Ndani kimya.

"Hodi. Hodi."

Huko mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wake, Bi Kidawa alikuwa tayari amemziba mumewe mdomo kwa kiganja. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Ni mtego. Ukisema tu karibu, wewe ni mshirika."

Daktari akatabasamu kwa Mnunuzi, akasogea mlango wa pili. Kimya. Wa tatu. Ndani palisikika kitoto kikianza kulia na kunyamazishwa. Msaidizi, kama sheria inavyotaka, alikuwa akisoma bei kila mlango unapokataa. Bandari ikaondoka. Uwanja wa ndege ukaondoka. Madaraja yakawa mawili, likawa moja, likawa kalavati. Wataalamu wote wale, na vyeti vyao, walikuwa wamelifungia hodi kabatini wasikumbuke kwamba lina mwenzake, na mwenzake hakuwahi kukadiriwa na mtu.

Sikudhani alikuwa ameketi chumba cha mwisho, akisikia milango ikikataa mmoja mmoja, ikimjia.

Hapo ndipo alipoielewa hali yake. Akijibu, mlango utafunguka, neno litakuwa limefanya kazi, Mnunuzi atatoa bei, na Hodi itaondoka kwa suti ya majivu kwenda kuuzwa na kuuzwa mahali ambapo hakuna wa mwisho. Akinyamaza, halina thamani, na kitu kisicho na thamani hurudishwa kwa mwenyewe. Ilikuwa kunyamaza tu. Kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni kwake.

Tangu azaliwe hajaiacha hodi ikae nje. Neno lilimpanda lenyewe kooni, limeshavaa nguo, liko tayari kutoka. Akachukua pindo la kanga akaliuma.

"Hodi."

Ile ya pili haikuwa nene tena. Ilikuwa na jasho.

Akaliuma pindo kwa nguvu mpaka akahisi ladha ya rangi yake.

Ya tatu ilichelewa. Kabla yake palikuwa na pumzi, na ilipokuja ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kwa kweli, aliyesahau kuwa anauza. "Hodi, jamani. Wenyewe mpo?"

Wenyewe walikuwapo. Machozi yalimtoka yenyewe, yakadondoka kwenye mchele, na hakujibu.

Nje Mnunuzi akatazama saa yake. "Milango ya kwenu haifunguki," akasema bila ubaya, akaingia garini. Bendi, ambayo ilikuwa imeagizwa ipige muziki mnada ukiisha, ikapiga.

"Andika," akasema Daktari Fumbwe. "Halina thamani."

*

Muhuri uliondolewa siku hiyo hiyo, maana serikali ile ni nyepesi sana kurudisha kisichouzika. Redio ikasema nchi haikupata hasara yoyote, kwa kuwa madaraja yale hayakuwahi kuwapo, na kwamba Idara sasa itakadiria ukimya, ambao umeonekana kupatikana kwa wingi.

Sikudhani akafungua simu. Chini ya lakiri hodi zilikuwa zimeendelea kuingia na kusimama. Mlinzi wa saruji alipiga moja. Mama wa mtoto mbili. Zilizobaki zote zilikuwa za stesheni.

Hodi.

Hodi, mwanangu.

Hodi, au nimekuja wakati mbaya?

Hodi. Leo ilisimama, nilitaka kukwambia. Ilisimama kwa sababu ya ng'ombe, lakini ilisimama.

Na ya mwisho: Naona mmehama. Nawatakia makazi mema, nami sitasumbua tena.

Mlango ule Pandu aliutengeneza wa kujibu tu. Mwenye nyumba hakupewa njia ya kumfuata mgeni. Sikudhani alirudi kwenye ile ya kwanza kabisa akaandika karibu. Akaandika karibu kwenye ya pili. Akazijibu zote, moja moja, kwa mpangilio zilivyokuja, na kwenye ile ya ng'ombe akaongeza kwamba amefurahi sana. Hodi tatu za Daktari, zile za mlangoni, ndizo alizobaki nazo bila kuzijibu, hazina pa kuandikiwa karibu.

Kisha akasubiri. Simu aliiweka ukingoni mwa ungo, aione. Jua likahama kutoka mwimo wa kulia wa mlango kwenda wa kushoto. Ukumbini milango yote ilikuwa imefungwa. Faini ilikuwa imefutwa tangu asubuhi, lakini watu walikuwa wamezoea, na Bi Kidawa aliendelea kusemea ukutani.

Alasiri Sikudhani aliinuka akaufungua mlango wake wote, akauegemezea jiwe usijirudishe, akakaa pale pale kizingitini, uso nje, macho ya watu na yaje.

Hakuja mtu. Alikuja kuku wa nyumba ya pili, aliyeruka kizingiti bila kupiga hodi, akasimama katikati ya chumba akitazama huku na huku kama aliyekosea nyumba.

"Karibu," akasema Sikudhani, na akamsogezea chuya za mchele.